Pale Dagaa Zisipokauka

Bonaventura, katibu wa mwalo wetu wa boti hapa Ujiji, amekuja kwangu mara nne na daftari lile lile. Mara ya kwanza nilimwambia nina kazi. Mara ya pili nikamwambia bado nina kazi, ya tatu nikajifanya nimelala. Leo ameacha daftari na kalamu juu ya kinu changu, akasema, "Bibi, basi andika mwenyewe, usinisumbue tena." Nani anamsumbua nani? Wanataka wazee waseme mahali pa kujificha boti upepo ukichafuka, kuanzia hapa kwenda kusini, wabandike karatasi pale mwaloni watu wasome. Umri wote nimetembea ufuko huu na hakuna aliyeniuliza. Walioulizwa ni manahodha. Sasa manahodha wamekosea, ndipo anakumbukwa Verediana wa dagaa, mwenye kisomo cha watu wazima cha miezi saba. Haya. Nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa asisome.

Watu wananiita Mama Gervasi, kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilizaliwa Ilagala, karibu na Malagarasi inapomwaga maji yake ziwani, na kabla sijaota meno ya pili nilikuwa namfuata mama kwenye dagaa. Sisi hatukuwa watu wa kukaa mwalo mmoja. Dagaa zikitoka huku, tunahamia huku. Zikitoka kule, tunajitwisha masufuria na mikeka tunapanda boti. Nimelala fukwe nyingi kuliko vitanda.

Mama alikuwa na tabia moja. Tukishuka mwalo mgeni, kabla hajatua mzigo, anafungua pindo la kanga, anatoa majivu ya jikoni tulikotoka, anayaachia yaanguke. Majivu yakiruka, anasema, "Tueni hapa." Dagaa za hapo zitakauka kabla jua halijafika utosini, zitang'aa kama sindano. Majivu yakimwangukia miguuni, haongei na mtu, anabeba mzigo wake anarudi botini. "Hapa ni pa kulaza boti," anasema, "si pa kuanika." Ukianika mahali kama hapo dagaa zinabaki na maji, zinageuka njano, jioni zinanuka, kesho yake wanakula bata.

Ramani yangu ni hiyo, sina nyingine. Manahodha wanapenda mwalo wenye watu, wenye chai na chapati, wenye vichanja vya dagaa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hawajiulizi vile vichanja vimejengwa pale kwa nini. Vichanja vingi ni upepo mwingi. Mwalo mzuri wa dagaa ni mwalo mbaya wa boti, siku ya upepo wa kusini. Bonaventura, hilo liandike kwa herufi kubwa.

Sasa nitasema ya mwezi wa nane mwaka jana.

Nilikuwa natoka Sigunga kumwona Gervasi na wanawe, narudi Ujiji kwa boti ya Heritier. Heritier ni wa watu waliotoka Kongo, lakini amezaliwa hapa hapa kwetu, ana mikono mizuri kwenye mashine na masikio madogo. Msaidizi wake anaitwa Marselino, mtu mzima mwenye watoto watano, si mtu wa maneno. Tulikuwa abiria kumi na saba, na wao wawili, kumi na tisa. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, magunia ya dagaa na mbuzi wawili. Mimi nilikaa mbele juu ya gunia langu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mdogo, Esther, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Na nyuma kabisa, karibu na mashine, alikaa Mwanaima.

Mwanaima lazima nimseme, hata kama sipendi.

Kusini mwa Ilagala kuna mlima unaoingia majini, tunauita Nundu, kwa sababu ukiutazama kwa mbali ni nundu ya ng'ombe kabisa. Nyuma ya Nundu, upande wa kaskazini, kuna kighuba kidogo, Kishimoni. Mwanaima na mumewe, Mzee Songoro, walihamia pale zamani kuanika dagaa. Wakati ule tulikuwa marafiki, tulikuwa tunasukana nywele. Nilikwenda kumtembelea, nikaachia majivu, yakaniangukia miguuni. Nikamwambia, "Mwenzangu, hapa hapafai." Akaniambia nina wivu kwa sababu yeye amepata mwalo wake peke yake. Wivu! Nilirudi Ujiji siku ile ile, nikasimama sokoni, nikawaambia wanunuzi dagaa za Kishimoni zinanuka, msiziguse. Na kweli zilikuwa zinanuka. Lakini nilisema huku nacheka, na watu wakacheka na mimi, na jina likamganda. Wakimwona anashuka na gunia wanaziba pua hata kabla hajalifungua.

Songoro akaacha dagaa. Ile tambarare ya Kishimoni akapanda michikichi. Ikakua, wakawa wanakamua mawese, wakaishi. Halafu ziwa likapanda, kama mnavyojua wenyewe, likala vibanda vyetu vya mwaloni, likala na shamba la Songoro. Mwaka uliofuata Songoro akafa. Wakamzika kule kule Kishimoni, juu, maji yasikofika, na Mwanaima akahama.

Sikwenda msibani. Nilisema magoti yananiuma. Magoti yalikuwa yananiuma kweli, lakini Jumapili ile ile nilikwenda kanisani kwa miguu, na Mwanaima ana watu wanaompa habari. Basi. Tangu ile siku ya sokoni ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili hatujasalimiana, na mguu wangu haujakanyaga Kishimoni. Siku ile kwenye boti alinipita, nikaangalia maji. Naye akaangalia maji.

Tulitoka Sigunga asubuhi ziwa limetulia. Ilipofika kama saa sita na nusu mchana, nikasikia shingo yangu ya nyuma inapata baridi. Nikageuka. Kule kusini maji yalikuwa yamebadilika rangi, kama mtu ametandika blanketi jeusi juu yake, na blanketi linatufuata. Nikasema, "Nahodha, upepo huo." Heritier akasema, "Nimeuona, Mama." Hakuwa ameuona.

Ulitupiga kwa nyuma kabla sijamaliza kufunga kanga kichwani. Wimbi la kwanza likaingia, la pili likaingia, mbuzi wakalia, na mashine ikakohoa ikanyamaza. Marselino akavuta kamba yake. Akavuta tena. Akavuta mpaka kiganja kikachanika. Boti ikaanza kugeuka ubavu kwenye mawimbi, na mtu yeyote aliyekulia ziwani anajua boti ikikaa ubavu kinachofuata ni nini.

Sitamnyima Heritier haki yake. Alichukua turubai la kufunikia mizigo, akalifunga kwenye miti miwili ya kusukumia boti, yeye na Marselino wakaisimamisha, na upepo ukalijaza turubai likalia kama ngoma. Boti ikanyooka. Tukaanza kukimbia kwenda kaskazini kwa tanga la turubai, Marselino na abiria wanne wanaume wameshikilia ile miti, Heritier yuko nyuma na kafi anajaribu kuongoza. Lakini tanga la namna hiyo linakwenda linakosukumwa tu. Unaweza kulipinda kidogo kuelekea nchi kavu, basi. Kurudi nyuma hakuna. Ukikosa mahali pa kuingia, umepakosa.

Nikamwuliza, "Unaelekea wapi?"

"Mwalo Mrefu, Mama, kule mbele ya Nundu! Pana watu pale, watatupokea!"

"Watapokea maiti."

Wee! Boti nzima ikanigeukia. "Huyu bibi ana nini?" "Mama, funga mdomo huo, tuna watoto humu!" Mwanamume mmoja akasema kama sitanyamaza nitupwe niwapishe mbuzi.

Nikamwambia, "Nitupe, nitaogelea kuliko wewe." Halafu nikamgeukia Heritier. "Mwalo Mrefu kuna vichanja vingapi?"

"Mama, hii ni saa ya kuulizana vichanja?"

"Vingapi?"

"Sijui! Mia! Ufuko wote!"

"Kwa nini viko mia pale na Kishimoni hakuna hata kimoja? Kwa sababu Mwalo Mrefu upepo unapiga tangu asubuhi mpaka jioni. Ndiyo raha yake. Leo wimbi pale linavunjika mchangani refu kama nyumba. Mashine huna. Litakubeba ubavu, litakupindua, litakufunika. Waambie hao wapinde turubai lao, uingie nyuma ya Nundu."

"Kishimoni? Mimi sijawahi kuingia Kishimoni."

"Mimi nimeingia. Upepo haufiki mle."

"Unajuaje upepo haufiki?"

Hapo nikakwama. Maana jibu lilikuwa moja tu, na mwenyewe amekaa nyuma ya boti ananisikiliza.

Nikasema, "Dagaa hazikauki mle."

Palikuwa na kelele ya upepo na mtoto wa Esther, lakini nilimsikia Mwanaima akicheka. Ile sauti sikuwa nimeisikia ikiwa imeelekezwa kwangu kwa miaka ishirini na miwili. Akasema, "Mmesikia jamani? Leo kunuka kwangu kumekuwa dawa."

Heritier akamwuliza, "Bi Mwanaima, ni kweli? Upepo haufiki?"

Alinitazama mimi kwanza. Akasema, "Ni kweli. Mle hata moshi haujui pa kwenda. Lakini..."

"Hakuna lakini!" nikapiga kelele. "Nundu hiyo hapo! Tukiipita tumekwisha! Pinda, Heritier, pinda!"

Naye akapinda. Nasema hili ili lieleweke vizuri, maana kuna watu wanaosimulia safari ile kwa namna nyingine. Nahodha alipinda kwa neno langu. Mwenzangu alitaka kusema jambo, mimi nikamkata.

Tulipita ncha ya Nundu karibu mno, nikaona mti wa mbuni mwitu juu ya mwamba, nikaona hata majani yake yamegeuzwa na upepo. Na mara tu tulipoingia nyuma ya mlima, turubai likaanguka. Likaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Kelele yote ikabaki nje, juu yetu, kama lori linalopita barabara ya mbali. Watu wakaanza kusema alhamdulillahi, wengine wanafanya ishara ya msalaba. Mimi nikainua kichwa niwaangalie wale walionitukana.

Marselino akasema, "Heritier. Tazama mbele."

Kishimoni niliyoijua ilikuwa na mchanga na tambarare. Sasa hapakuwa na mchanga wala tambarare. Maji yalikwenda mpaka kwenye mteremko wa mlima, na kwenye maji yote yale, kulia na kushoto, kulisimama mashina. Michikichi iliyokufa. Vichwa vimeoza vimeanguka, mingine imekatika juu ya maji kidogo, mingi imekatika usawa wa maji kabisa, wimbi likishuka unaona kidole cheusi, wimbi likipanda huoni kitu. Mimi nilikuwa nimesikia shamba la Songoro limeliwa na maji. Nikafikiri likiliwa limekwisha, kama nyumba ya udongo inavyoyeyuka. Sikuuliza. Ningemwuliza nani?

"Ndiyo lakini yangu hiyo," akasema Mwanaima.

Shina la kwanza lilitupiga chini ya tumbo la boti. Nilihisi pigo kwenye meno. Ubao ukalia, maji yakaanza kuingia karibu na miguu ya Esther, membamba tu, lakini hayakomi. Esther akachukua sufuria yangu bila kuniomba akaanza kuyamwaga nje. Wimbi lililobaki, lile linalozunguka ncha ya Nundu, lilikuwa linatusukuma ndani polepole, na kila likitusukuma tunasogelea mashina mengine. Kurudi nje hatuwezi. Huko nje upepo unatusubiri, utatupeleka Mwalo Mrefu na boti iliyopasuka.

Heritier akaniuliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana angepiga kelele ningemjibu. "Mama, umetuleta wapi?"

Nikatazama watu. Kumi na tisa, na mtoto wa mgongoni sikumhesabu mwanzoni, ishirini. Wote wako pale kwa mdomo wangu. Nikatazama mashina. Niliona fujo tu, sikuona pa kupita. Nimejua fukwe tangu utoto, na pale sikujua kitu.

Nikasema, "Bi Mwanaima, njoo mbele."

"Nani ananiita?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Ee, alinifanyia hivyo, pale pale, maji yanaingia. Nikasema, "Verediana. Mama Gervasi. Njoo ukae kwenye gunia langu. Shamba ni lako, tupitishe."

Akaja. Alivuka juu ya watu na madumu, mkono mmoja kwenye bega la mtu, mkono mwingine kwenye pembe ya mbuzi. Hakukaa kwenye gunia, alipiga magoti juu yake, akainama mpaka kifua kikatoka nje ya boti. Nikamshika kanga yake kiunoni kwa mikono miwili asianguke. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa namkumbuka mnene.

Akasema, "Songoro alipanda kwa kamba. Watu walimcheka, wakasema mchikichi si jeshi. Mistari yote inatoka ziwani kupanda mlimani, na kati ya mstari na mstari hatua tisa. Boti hii ina upana gani?"

"Hatua tatu," Marselino akasema.

"Basi tunapita. Mnauona ule mrefu uliopasuka kichwa? Huo ulipigwa na radi. Ni mstari wa nne. Twende upande wake wa kushoto, kati ya wa tatu na wa nne. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya maji. Msiingie kwingine kokote."

Wakaweka turubai chini, wakashika makafi. Marselino akasimama pembeni yetu na mti mmoja anapapasa chini. Tukaanza kuingia. Polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya watu gizani. Mwanaima anasema, "Huu," na shina linapita kulia, naliona jeusi lina konokono. "Huu," lingine kushoto. Watu hawapumui. Kilichosikika ni sufuria ya Esther tu, inachota, inamwaga.

Shina la tatu lilipopita, bila kugeuka, akaniuliza, "Kwa nini hukuja?"

"Angalia mbele."

"Naangalia. Huu hapa, Marselino, sukuma. Kwa nini hukuja msibani?"

"Magoti."

"Nitaacha kuhesabu."

Anayemjua Mwanaima anajua angeacha. Nikasema, "Niliona aibu."

Akasema, "Huu," na mwingine ukapita.

Tulipofika katikati akainua mkono ghafla. "Simameni! Simameni!" Makafi yakazuia maji. "Hapa kuna mmoja wa pembeni. Uliopandwa kwenye mstari ulikufa mdogo, Songoro akapanda mwingine, akaupeleka ndani ya njia kwa sababu pale pa kwanza palikuwa na jiwe. Umekaa ndani ya njia. Upande mmoja." Akatazama maji. Hapakuwa na kitu juu ya maji, hata kidole. "Sikumbuki upande."

"Papasa, Marselino," Heritier akasema.

Marselino akapapasa. "Sifikii kitu. Ni mbele zaidi." Na wimbi likatusukuma tena, hakuna wa kuliambia lingoje. Yule mwanamume aliyetaka kunitupa majini alikuwa anasali kwa sauti.

Nikamwambia Mwanaima, "Acha kufikiri na kichwa. Hii ilikuwa njia yako ya maji. Asubuhi unatoka nyumbani na ndoo unashuka ziwani. Unapofika kwenye mti huo unafanya nini?"

Akafumba macho. Niliuona mkono wake wa kushoto unainuka wenyewe, unagusa kitu ambacho hakipo. "Naushika," akasema. "Nilikuwa naushika ninapopita. Kwa mkono huu."

"Kushoto!" Heritier akasema. "Uko kushoto! Twende kulia!" Na kafi lake likaingia majini.

"Hapana!" Nilipiga kelele mpaka mtoto wa Esther akashtuka. "Alikuwa anashuka! Sisi tunapanda! Uko kulia! Kulia kwetu! Peleka kushoto, Heritier, kushoto!"

Safari hii masikio yake yalikuwa makubwa. Akatoa kafi, akalitia upande wa pili, akaegemea kwa mwili wote, na boti ikasita, ikageuza pua. Ukapita kulia kwetu. Ulikuwa chini ya maji kiasi cha kiganja, mweusi, umekatika kwa ncha kama mkuki. Uligusa ubavu wa boti ukakwaruza kutoka mbele mpaka nyuma, taratibu, kila mtu aliyekaa upande ule alikuwa anausikia unapita chini ya mgongo wake. Halafu ukaisha.

Baada ya hapo ilikuwa mistari imenyooka tu mpaka pua ya boti ikaingia kwenye majani ya mteremko. Marselino akaruka akafunga kamba kwenye mti mzima, mti wenye majani. Hakuna aliyeshangilia. Watu walishuka mmoja mmoja wakakaa chini.

Esther aliwasha moto kumpasha mtoto joto. Moshi ulipanda umenyooka kama uzi. Nilichukua majivu kidogo pembeni ya moto, yakiwa bado ya moto, nikayaachia. Yakaniangukia miguuni.

Nilipoinua macho Mwanaima alikuwa ananitazama. Akasema, "Umeridhika?"

"Zilikuwa zinanuka," nikamwambia. "Sitasema hazikuwa zinanuka. Lakini ulikuwa upepo, haukuwa uchafu wako. Nilipaswa kusema hivyo sokoni."

"Sema basi Jumamosi, sokoni, watu wakiwepo." Nami nilisema. Watu wanaweza kuthibitisha.

Kaburi la Songoro liko juu kidogo ya pale tulipofunga boti, limezungushiwa mawe. Nilianza kupanda. Akaniita kwa nyuma, "Unakwenda wapi na magoti yako?" Nikaendelea kupanda. Majani yalikuwa yamemea mpaka yamefunika mawe. Nikakaa chini, nikaanza kuyang'oa. Baada ya muda akaja akakaa upande wa pili. Tukang'oa. Jua lilikuwa linashuka, na kule nje ya Nundu ziwa lilikuwa jeupe lote. Akaniambia tu, "Ng'oa na hayo ya kichwani pake." Nikayang'oa.

Tulikaa Kishimoni siku mbili mpaka upepo ulipochoka, na Heritier na Marselino wakaziba ubao, wakaifufua mashine. Siku ya tatu tulipopita Mwalo Mrefu tuliona boti ya watu wengine imelala mchangani vipande viwili, vichanja vimezolewa. Watu wake walinusurika kwa kuogelea, Mungu ni mwema, ila kila walichobeba kilikwenda. Heritier alipunguza mashine akaitazama. Hakusema kitu, wala mimi sikusema. Hata mimi kuna siku nanyamaza.

Basi Bonaventura, andika kwenye karatasi yako. Nyuma ya Nundu, upande wa kaskazini. Mahali pa kukimbilia upepo wa kusini. Upepo wa kutoka Kongo ukivuma usiingie, mlango wake unatazama huko. Ingia kushoto kwa mchikichi wa radi, kati ya mstari wa tatu na wa nne, na katikati kaa kushoto, kuna shina la pembeni mkono wa kulia. Na jina usiandike Kishimoni. Andika Kwa Mwanaima.

Sasa nawe unayesoma hii karatasi hapo mwaloni, umeegemea ukuta. Mchikichi wa radi hautasimama siku zote. Mimi na Mwanaima tulikwenda tena mwezi wa kumi, tukafunga madumu matupu kwenye mashina, pande zote mbili za njia, mtu ayaone akiwa mbali. Tulifunga kumi na manne. Jua limeyapasua na mawimbi yameyala, yamebaki sita. La shina la pembeni, lile lenye maana kuliko yote, halipo. Umesoma maneno yangu, umepata mahali pa kulaza boti yako na watoto wako bure. Niletee dumu. La njano, la lita ishirini, lenye kifuniko chake, na kamba ya nailoni mikono minne. Heritier anakwenda kusini wiki ijayo, atalifunga. Nyumba yangu ni ya pili nyuma ya miti ya mwarobaini, uliza kwa Mama Gervasi. Na ulitie maji kwanza ulijaribu, usiniletee lililotoboka.